Hamburg: Bili ya intaneti iliyonitoa jasho

Ukikutana na mtu aliyerudi likizo kutoka Ujerumani atakusimulia baridi, atakusimulia treni zinazofika kwa dakika (uongo mtupu huo, zinachelewa kama kawaida), na kama ni mtu wa kujisikia atakuongezea na gari aliloliacha kule. Hakuna hata mmoja atakayekusimulia habari ya sanduku la barua. Nakwambia msomaji, mimi niko Hamburg tangu mwaka 2022, na kama kuna kitu kilichonipeleka mchakamchaka katika mji huu, basi ni kile kisanduku cha bati chenye jina langu pale chini ya ngazi.

Nyumba nyingi za ghorofa huku milango haina namba. Tarishi anasoma jina. Jina lako halipo kwenye kisanduku, barua inarudi ilikotoka, na kiserikali wewe ni kama mzimu tu. Kwa hiyo siku ya kwanza unapopata chumba, kabla hujajua kitanda kiko wapi, unabandika jina. Halafu unakaa kusubiri yatakayokuja. Na yanakuja, tena mengi.

Nilitua hapa baada ya kumaliza Form Six, kufanya kazi ya kujitolea mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka ulipoisha nikabaki kusomea kazi hiyohiyo. Tulikuwa tunaishi watatu Wilhelmsburg: mimi wa Kinondoni, jamaa mmoja wa Mombasa, na dada mmoja wa Goma anayesomea uuguzi. Kiswahili cha kila aina kilikuwa kinapikwa jiko moja.

Wilhelmsburg ni kisiwa. Mto Elbe umegawanyika ukakizunguka, na treni ya S3 kutoka stesheni kuu inakufikisha kwa kama dakika kumi hivi. Waturuki wako, Wabulgaria wako, Waghana wako, na wenyeji wazee ambao bado wanaikumbuka gharika ya Februari 1962, maji yalipobomoa kingo usiku watu wamelala. Walikufa watu 315 Hamburg nzima, wengi wao kisiwani hapo. Wenyeji wa mjini kati huwa wanapadharau kidogo, kama watu wa Masaki wanavyoiongelea Manzese. Mimi napapenda. Ukishuka stesheni unasikia nyama ya kuchoma inanukia kabla hujaona duka lenyewe.

Sasa tuingie kwenye mada. Kwetu Bongo mambo ya intaneti ni mepesi. Una buku mfukoni, unanunua bando. Bando likiisha limeisha, unakaa bila mtandao mpaka upate buku nyingine, hakuna wa kukufuata nyumbani. Ukitoa zile za kukopeshwa salio, hudaiwi na mtu. Laini za aina hiyo hata Hamburg zipo, zinauzwa mpaka sokoni. Lakini ukitaka intaneti ya nyumba, ile ya waya ukutani, ya kuangalia mpira watu watatu bila kugombana, unasaini mkataba. Na mkataba wenyewe kwa kawaida ni wa miezi 24.

Miezi 24, jamani! Zipo ndoa pale Mwananyamala ambazo hazijafika huko. Na wanasema zamani ilikuwa mbaya zaidi. Ukisahau kuandika barua ya kuuvunja miezi mitatu kabla ya mwisho, mkataba ulikuwa unajirefusha wenyewe mwaka mzima. Sheria ilibadilika Desemba 1, 2021. Sasa miezi ile ya mwanzo ikiisha unaweza kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Na tangu Julai 1, 2022 kampuni zinazouza mikataba ya namna hiyo kwenye mtandao lazima ziweke na kitufe cha kuivunjia hapohapo. Mbunge aliyelipigia kura hilo naamini naye alishateswa.

Katika nyumba yetu kura ya kusaini iliniangukia mimi. Tukaanza mwanzoni mwa 2023, yuro 34.99 kwa mwezi, benki inakata yenyewe. Kampuni siitaji. Kwanza nahofia barua nyingine, pili jina halina maana, maana stori kama yangu nimezisikia kwa watu wa kampuni tofauti tofauti.

Tuliishi raha mustarehe mpaka mwenye nyumba alipoamua kuiuza. Tunatakiwa tuwe tumetoka ifikapo mwisho wa Machi 2024. Tukatawanyika. Dada wa Goma akapata bweni, jamaa wa Mombasa akaenda Altona kwa binamu yake, mimi nikapata chumba cha miezi sita Harburg, kusini mwa mto. Mwenye chumba amesafiri, nakaa kwa niaba yake hadi Septemba, na intaneti ipo tayari.

Sheria yao inasema hivi: ukihama, kampuni lazima ikuhamishie huduma kule unakokwenda kwa bei ileile. Kama kule hawafiki, una haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, na unaweza kuifanya imalizike siku ileile unayohama, hata kama miezi 24 haijatimia. Nikawaandikia katikati ya Februari, barua ya rejista. Wakajibu kwa maandishi kwamba anwani yangu mpya hawaifikii. Safi. Nikahama Machi 31, nikajiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili kama inavyotakiwa, nikawatumia nakala ya cheti cha makazi. Ile ruta yao nikaifunga kwenye boksi na waya zake zote, nikaipeleka posta, nikapewa risiti. Nikaiweka risiti kwenye kitabu cha sarufi, nikasahau kabisa habari zao.

Wao hawakunisahau. Mwanzoni mwa Aprili benki ikakatwa yuro 34.99. Nikapiga simu.

Hapa lazima nikusimulie simu ya huduma kwa wateja ya Ujerumani. Kwanza unapokewa na mashine yenye sauti ya kike. Inakutaka uieleze shida yako kwa maneno machache. Mimi Kijerumani nimekisoma, wazee kituoni wananielewa hata wale wenye masikio mabovu, lakini mashine hiyo kila nikisema inanijibu kwa upole kabisa kwamba kwa bahati mbaya haijanielewa. Nikasema polepole. Haijanielewa. Nikapaza sauti, jirani akagonga ukuta. Hatimaye ikakata tamaa yenyewe, ikanipeleka kwenye muziki. Dakika 25 za piano. Akatokea kijana mmoja mchangamfu, akaangalia kompyuta yake, akasema ni mfumo tu, kila kitu kiko sawa, mwezi ujao hawatakata.

Mei wakakata tena.

Nikapiga tena, piano ileile, safari hii mama mmoja asiyekuwa na habari yoyote ya yule kijana. Akaniambia mkataba wangu unaonekana uko hai. Nikamwambia nilishauvunja. Akasema haoni. Nikamwambia kuna barua. Akasema haoni barua.

Kuna kitu kimoja kizuri kwenye benki zao. Makato ya namna hiyo, ambayo kampuni inajichotea yenyewe kwenye akaunti yako, unaweza kuyarudisha ndani ya wiki nane bila kueleza sababu. Unabonyeza kwenye simu, hela inarudi. Katikati ya Mei nikarudisha ya Aprili na ya Mei kwa pamoja, nikajiona mjanja wa mjini.

Tena hapo kwenye hela niseme kidogo. Unajua neno lenyewe hela ni lao? Walipokuwa wanaitawala Tanganyika walileta sarafu ya Heller, mwaka 1904, Heller 100 kwa rupia moja. Wao wenyewe wakaondoka, neno tukabaki nalo. Siku moja niliwaeleza wazee kituoni, babu mmoja wa miaka 91 akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010, viongozi wanatembeleana na kupeana zawadi. Mimi udugu huo niliuona kwenye bahasha iliyokuja Juni.

Bahasha hiyo ilikuwa na dirisha la plastiki. Za dirisha ndizo za kuogopa. Ndani: miezi mitatu ya huduma, Aprili, Mei na Juni, yuro 104.97. Ruta ambayo haikurudishwa, yuro 120. Ada za usumbufu, yuro 5. Jumla yuro 229.97, zilipwe ndani ya siku 14. Kwa kipindi hicho hiyo ilikuwa zaidi ya laki sita za Kitanzania. Kijasho chembamba kikanitoka, na nje nyuzi joto zilikuwa 13.

Ushauri haukukosekana. Rafiki yangu wa Dar nilipompigia alisema, "Lipa bwana yaishe, kwani wewe huko si unalipwa kwa yuro?" Watu wa nyumbani wanadhani yuro inaota. Jamaa wa Mombasa yeye alikuwa upande wa pili kabisa.

"Wewe waogopa nini, bana? Wawache hao. Watachoka wenyewe."

Nilimkuta soko la samaki, Altona, anabeba makreti ya ndizi. Soko hilo ni la Jumapili tu, limeanza tangu 1703, linafunguliwa saa 11 alfajiri kipindi cha joto na saa 1 kipindi cha baridi, na ikifika saa 3:30 asubuhi linafungwa. Ukitaka kuwaona Wajerumani wanapiga kelele nenda pale. Muuzaji amesimama juu ya gari, anajaza kikapu cha matunda, anatukana kidogo, anaongeza nanasi, anapunguza bei, watu wanacheka, vijana wametoka disko moja kwa moja wanakula mikate ya samaki. Nikawa najisikia niko Kariakoo. Ilipofika saa 3:30 wafagiaji wakaingia, nusu saa baadaye huwezi kuamini kama palikuwa na mtu. Ni saa nne na nusu tu kwa wiki ambazo mji huu unaendeshwa kwa mdomo.

Ushauri wake wa kupuuza ulinivutia, sikatai. Lakini kuna jambo lilinizuia. Septemba natakiwa nitoke Harburg, na kupata chumba Hamburg ni vita. Tangazo moja, watu wamejaa ngazini mpaka barabarani. Mwenye nyumba anataka hati ya mshahara, na anataka karatasi ya Schufa. Schufa ni kampuni iliyoanza Berlin mwaka 1927, kazi yake kutunza kumbukumbu za watu wanaolipa na wasiolipa. Jina lako likiingia pale kwa deni, kila mwenye nyumba, kila benki, kila duka la simu linakuona mkopaji mbaya. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini si zile 229.97. Ni mahali pa kulala.

Aliyeniamsha usingizini ni bibi wa ghorofa ya chini pale Harburg. Ni mstaafu, alifanya kazi posta maisha yake yote. Huwa namsaidia kupandisha maji ya chupa, naye ananipa keki ambazo hazina sukari. Alinikuta nimekaa ngazini na bahasha yangu. Akanikaribisha ndani. Ukutani ana rafu nzima ya mafaili, yale magumu yenye tundu mgongoni la kuvutia kwa kidole, mengine ya tangu enzi za sarafu ya Mark. Bili za umeme, mkataba wa nyumba, risiti ya jiko lililokwishatupwa. Akaniuliza nimewajibu nini kampuni. Nikamwambia nimepiga simu mara mbili.

"Simu!" akasema, kama vile nimesema nimewatumia njiwa. "Kijana, simu haina mhuri."

Akanipa faili tupu, la bluu. Akaniambia nilete kila karatasi niliyonayo. Ile risiti ya posta ya ruta tuliitafuta saa nzima, ikatoka kwenye sarufi, ukurasa wa vitenzi. Bibi akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota dhahabu.

Barua tuliyoandika haikuwa na lugha ya kupendeza hata kidogo. Namba ya mteja. Tarehe ya bili. Sentensi moja: ninapinga bili hii yote. Halafu sababu kwa mafungu. Mkataba ulivunjwa kwa barua ya tarehe fulani, namba ya rejista hii hapa. Kampuni yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba kwangu haifiki, nakala hii hapa. Cheti cha makazi, nakala. Ruta imerudishwa, risiti, nakala. Mwisho, nataka uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 14 kwamba sidaiwi kitu. Nilitaka kuongeza kwamba nimesikitishwa sana na huduma yao. Bibi akafuta. Akasema masikitiko hayana namba ya faili.

Sheria yao ya simu inampa mteja angalau wiki nane kupinga bili tangu aipokee. Na ukiwa umepinga kwa sababu za kueleweka, lile deni linapata jina jingine, linakuwa deni lenye mgogoro, na kampuni haiwezi kulitumia kama fimbo ya kukukatia huduma. Ukinyamaza, ukimya wako unasomwa upande wao. Hapo ndipo nilipoona ushauri wa Mombasa ulikuwa unanipeleka shimoni, na ule wa Dar ulikuwa unanipora. Stempu ya barua ya kawaida mwaka huo ilikuwa senti 85, rejista unaongeza yuro mbili na ushee. Nikapeleka.

Kimya. Wiki tatu. Kila nikitoka kazini moyo unadunda ninapofungua kisanduku. Matangazo ya piza. Barua ya mtu aliyehama zamani. Gazeti la bure.

Julai ikaja bahasha nyingine ya dirisha, jina geni juu yake. Wakusanya madeni. Hao ni kampuni nyingine kabisa, kazi yao kudai kwa niaba ya wengine, na gharama zao wanakupachika wewe. Jumla sasa yuro 295 na senti kadhaa. Barua yenyewe ilikuwa imejaa maneno mazito: mahakama, dalali, Schufa. Ya kupinga kwangu haikutajwa hata kwa nukta, kana kwamba sijawahi kuandika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na zamu ya alfajiri, nikamvalisha babu mmoja sweta kinyumenyume.

Dada wa Goma ndiye aliyenipeleka kwa watetezi wa walaji, Verbraucherzentrale, ofisi yao ya Hamburg iko Kirchenallee karibu na stesheni kuu. Eneo lile la St. Georg tulikuwa tunalijua kwa kutafuta unga wa ugali na mihogo, hatukujua kama haki nayo inapatikana jirani. Unalipa ada ya ushauri, si kubwa. Mama aliyetupokea alisoma faili langu la bluu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno, akageuza karatasi moja moja, nikahisi niko mbele ya hakimu. Halafu akatuambia mambo matatu ambayo nayaandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye ndugu Ujerumani.

Kwanza, deni lililopingwa halitakiwi kupelekwa Schufa. Masharti ni kwamba mdaiwa awe amekumbushwa kwa maandishi angalau mara mbili, zipite angalau wiki nne tangu ukumbusho wa kwanza, awe ameonywa mapema, na awe hajalipinga. Mimi nilikuwa nimelipinga. Nikapinga tena palepale kwa wale wakusanya madeni, barua ya mistari sita, nakala ya barua ya kwanza ndani.

Pili, barua zenye maneno ya kutisha ni makaratasi tu mpaka siku itakapokuja bahasha ya njano. Ya njano inatoka mahakamani. Hiyo una wiki mbili kuipinga kwenye fomu inayokuja nayo, huhitaji hata kueleza kwa nini, unaweka alama na sahihi. Ukiiacha zikapita wiki mbili, sasa kweli una kazi. Tangu siku hiyo rangi ya njano ilikuwa inanishtua hata kwenye ndizi.

Tatu, kuna Bonn. Kule ndiko iliko mamlaka yao ya mawasiliano, Bundesnetzagentur, wenzao wa TCRA yetu, isipokuwa hawa wanasimamia mpaka umeme, gesi na reli. Ndani yake kuna dawati la kusuluhisha wateja na kampuni za simu na intaneti. Halitozi kitu. Sharti uwe umejaribu kumalizana na kampuni kwanza, na uwe na ushahidi.

Fomu niliijaza maktaba kuu ya mji, Hühnerposten. Kazini huruhusiwi kukaa kwenye kompyuta, na nyumbani intaneti ilikuwa imechagua siku hiyo kugoma. Jengo hilo la maktaba zamani lilikuwa la posta. Nilimweleza bibi wa Harburg, akaniambia analijua, alishawahi kufanya zamu pale. Nikaambatanisha kila karatasi. Nikawaandikia kampuni kwamba nimepeleka Bonn. Nikarudi kwenye shughuli zangu za kutafuta chumba.

Agosti nilikwenda kuangalia vyumba tisa. Kimoja kilikuwa Barmbek, kizuri, kina dirisha linaloangalia mfereji, na mwenye nyumba alikuwa amenipenda kwa sababu mama yake anatunzwa katika kituo kama cha kwetu. Akataka karatasi ya Schufa ndani ya wiki mbili. Kuna karatasi ya kununua kwa ajili ya wenye nyumba, lakini kila mtu ana haki ya kupata bure nakala ya kila kitu kilichoandikwa juu yake, na hiyo ndiyo niliyoagiza kwanza ili nijue. Siku zile za kuisubiri sizitamani tena. Ilipokuja niliifungulia pale pale ngazini. Akaunti ya benki, laini ya simu, basi. Deni hakuna. Nikaenda kununua ile ya mwenye nyumba, na bibi nikamletea keki yenye sukari.

Kampuni yenyewe ilijibu katikati ya Septemba, siku chache kabla sijahama. Bahasha ya dirisha. Waliandika kwamba baada ya kulipitia upya suala langu wameamua, kwa hisani yao na bila kukiri wajibu wowote wa kisheria, kufuta madai yote na kuyarudisha kutoka kwa wakusanya madeni. Salio langu: yuro 0.00.

Kwa hisani yao! Niliisoma sentensi hiyo mara nne. Wamenidai kisicho changu miezi mitatu, wamenitumia watu wa kunitishia mahakama, ruta yao wanayo ghalani tangu Aprili, halafu wananionea huruma. Nilitaka kuwaandikia barua ya rejista kuwaeleza hisani yao waiweke wapi. Bibi akaniambia Wajerumani wana neno maalumu kwa hiyo hisani, Kulanz, na kampuni zinalipenda kwa sababu hakuna anayelazimika kuomba radhi. Akatoboa barua hiyo matundu mawili, akaiweka juu kabisa ya faili la bluu, akalifunga.

"Miaka kumi," akasema. "Usiitupe kabla ya miaka kumi."

Sasa niko Barmbek. Faili liko juu ya kabati, na jina langu liko kwenye kisanduku kipya, nimeliandika kwa herufi kubwa. Intaneti nimechukua ile ya kuvunja kila mwezi, ghali kidogo, lakini nalala. Jumapili iliyopita dada wa Goma alikuja na mfuko wa mihogo na bahasha yenye dirisha. Alijiunga na jimu mwaka jana, akauvunja mkataba kwa maandishi, na bado wanamkata.

"Ndugu, leta ile faili yako," akasema, hata viatu hajavua.

Mihogo ilipikwa saa 4 usiku.